Mnunuzi wa Nyuma ya Milima

Leo naanza na samaki.

Palikuwa na Mreno aliyeitwa João de Barros. Kazi yake ilikuwa Lisbon, katika ofisi iliyosimamia biashara ya Bahari ya Hindi, na mwambao wetu hakuwahi kuukanyaga. Lakini barua na hesabu za nchi hizi zilipita mikononi mwake, na katika juzuu ya kwanza ya historia yake, iliyotoka mwaka 1552, alitia kisa kilichotokana na kumbukumbu za masultani wa Kilwa. Mvuvi wa Kilwa, anasema, alitupa mshipi wake nje ya lango la bandari akanasa samaki mkubwa kupita kiasi. Mvuvi hakutaka kuukata mshipi, na samaki hakutaka kuvutwa. Samaki akaondoka na chombo, mkondo wa bahari nao ukakipokea, na mtu wa watu akaja kutokea Sofala, kusini kabisa, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Hapo akakuta chombo cha watu wa Mogadishu kimetia nanga, wanafanya biashara ya dhahabu. Aliporudi salama kwao, habari zikamfikia sultani.

Samaki mwachie Barros. Mimi navutiwa na yale ambayo kisa hiki kinayakiri bila kukusudia. Kinakiri kwamba Kilwa, mji tuliozoea kuusifia dhahabu, ilichelewa kufika, Mogadishu walitangulia. Tena kinakiri jambo zito zaidi, kwamba dhahabu ile ilikuwa na wenyewe. Barros anaeleza kuwa watu wa Sofala walikuwa wamewekeana masharti na wageni wao, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba kila mwaka wageni walete vijana wakae huko na kuzaliana na wenyeji. Sultani wa Kilwa akayakubali masharti hayo ili naye aingie sokoni. Sasa, msikilizaji, mtu anayeweka masharti si mtu aliyekutwa amelala.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Wengi wetu shuleni tulisomeshwa biashara hii kuanzia baharini. Pepo zinavuma, majahazi yanafika, wageni wanashusha nguo, shanga na vyombo vya kaure, na watu wa bara wanatoa dhahabu na pembe za ndovu. Ukiisimulia hivyo, mtu wa bara anabakiwa na kazi moja tu, ya kupokea. Mimi naomba tuisimulie kuanzia nyuma ya milima, kwenye uwanda wa juu kati ya mto Zambezi na mto Limpopo, kwa wahenga wa watu tunaowaita leo Washona. Yule muuzaji wa dhahabu alikuwa pia mnunuzi, na alikuwa mnunuzi mwenye macho makali.

Lakini kwanza tuipe bahari haki yake, maana bila kuelewa upepo huwezi kuielewa Kilwa.

Kuanzia Novemba au Desemba kaskazi huanza kuvuma. Chombo kikitoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi au Gujarat huteremka nayo hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Ikifika Aprili upepo unageuka, kusi inaingia, na kila nahodha wa kaskazini anataka awe njiani kurudi. Hesabu hiyo ya miezi ndiyo iliyoitajirisha Kilwa. Kisiwa kile kipo karibu na mwisho wa safari ambayo chombo cha kutoka Asia kingeweza kwenda na kurudi ndani ya msimu mmoja. Ukishaipita Rasi ya Delgado, kaskazi inalegea na haiaminiki tena. Sofala iko zaidi ya kilomita 1,200 kusini ya Kilwa, na nahodha wa Hormuz aliyejitia kuifuata alikuwa anajitafutia kulala ugenini hadi msimu mwingine, mtaji umekaa bure na mabaharia wanakula. Basi wageni wakaishia Kilwa, na kipande kile cha kusini wakakishika Waswahili wenyewe kwa vyombo vyao, ikiwemo mitepe iliyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na matanga yake ya mkeka. Aliyekishika kipande kile alishika ufunguo wa ghala.

Waswahili hao walikuwa nani? Wachimbuaji wa mambo ya kale walipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, walikuta kijiji kilichoanza karne ya 8, watu wakijenga kwa miti na udongo, wakila samaki na nafaka, wakifua chuma, wakitumia vyungu vinavyofanana na vyungu vya bara. Humo humo kukawa na msikiti mdogo wa miti, ambao ulijengwa upya mara kwa mara mahali pale pale, kila mara mkubwa kidogo, hadi ukawa wa mawe. Mji haukushuka kutoka jahazini umekamilika. Ulikua kutoka kwa wavuvi na wakulima waliojifunza kuishi na wageni, wakaoana nao, wakaipokea dini yao, na wakaendelea kusema lugha yao ya Kibantu. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya mwambao na maeneo ya jirani tangu karne ya 13 hadi ya 18. Ulionyesha kwamba wengi walikuwa na asili ya Kiafrika kwa zaidi ya nusu, hasa kwa upande wa mama, na kwamba sehemu kubwa ya damu ya Asia iliingia kwa wanaume wa Kiajemi, kuanzia kama mwaka 1000. Wazee wetu waliosema "sisi Washirazi" hawakuwa waongo, na waliosema "sisi watu wa hapa hapa" nao hawakuwa waongo. Mabishano ya barazani yaliyodumu miaka mingi yangeweza kwisha kwa kikombe kimoja cha kahawa, ingawa nawajua watu wa barazani, hawatakubali.

Sasa tushuke Sofala tukaelekee bara. Tusisahau kwamba safari hii ilikuwa ya miguu. Nyanda za chini kati ya pwani na uwanda wa juu zilikuwa na mbung'o, na mnyama wa kubeba mizigo asingefika mbali. Kutoka Sofala hadi Zimbabwe Kuu, karibu na mji wa leo wa Masvingo, ni kama kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, na njia za watu hazinyooki. Robota la nguo likapanda kichwani mwa mtu, shanga zikafungwa, na msafara ukafuata mabonde ya mito kama Save. Kila kilo ililipiwa kwa shingo ya mtu. Ndiyo maana kilichopanda bara kilikuwa kitu chepesi chenye thamani kubwa, na kilichoteremka kilikuwa hivyo hivyo. Pembe za ndovu ni nzito, lakini bei yake huko Uhindini na Uchina iliuvumilia uzito. Al-Masudi, aliyesafiri pande hizi karne ya 10, alieleza jinsi pembe za nchi ya Zanji, jina la Kiarabu la mwambao wetu, zilivyopelekwa Oman, kisha zikaendelea Uhindini na Uchina, na aliitaja Sofala kuwa nchi ya dhahabu.

Dhahabu yenyewe ilipatikana kwa namna mbili. Kulikuwa na ile ya mtoni, inayooshwa kwenye mchanga wakati maji yamepungua. Na kulikuwa na ile ya mwambani. Wachimbaji walifuata mshipa wa jiwe jeupe chini ya ardhi, wakawasha moto juu ya mwamba hadi uwive, wakaumwagia maji upasuke, wakaubomoa kwa zana za chuma, wakapandisha mawe juu, wakayaponda na kuyaosha. Mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya akisikia maelezo haya hatahitaji mkalimani. Atauliza tu duara, yaani shimo, lilikuwa na urefu gani. Mashimo machache yalifika mita 30, kwa kuwa chini ya hapo maji yalikuwa yanawashinda. Mifupa iliyopatikana katika baadhi ya mashimo yaliyoporomoka ni ya wanawake. Dhahabu iliyopamba Cairo na kulipia nguo za Gujarat ilipandishwa, kwa sehemu, na kina mama ambao mvua ikinyesha walirudi shambani kulima mtama.

Na hapa ndipo pana swali ambalo vitabu vingi hulipita mbio. Kwa nini mtu huyo aingie shimoni? Alikuwa na shamba. Alikuwa na ng'ombe, au alitarajia kuwa nao, na katika nchi ile ng'ombe ndiye aliyekuwa mali ya kweli, ya kuolea, ya kulipia fidia, ya kuheshimika nayo. Dhahabu hailiwi wala haizai ndama. Hakuna mfalme wa wakati ule aliyekuwa na askari wa kutosha kusimama juu ya kila shimo lililotawanyika katika uwanda mpana namna ile. Wareno, walipokuja kuandika baadaye, walilalamika mno kwamba watu wa huko huchimba dhahabu pale tu wanapohitaji nguo, na wakishapata wanaacha. Wao waliuita uvivu. Mimi nauita akili ya mtu mwenye pa kulala na pa kulima. Aliingia shimoni wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa ghalani, na aliingia kwa sababu kilichokuja kutoka pwani kilimpendeza. Kisipompendeza, haingii.

Tena kumpendeza hakukuwa rahisi. Shanga tunazoziona leo katika vioo vya makumbusho zikiwa zimechanganyika rangi zote, wenyewe hawakuzichukua ovyo hivyo. Kila enzi ilikuwa na rangi yake na ukubwa wake. Wataalamu waliopima kemia ya vioo wameonyesha kwamba shanga za zamani zaidi, zilizoingia kusini kupitia bandari ndogo ya Chibuene tangu karne ya 8 hivi, zilitengenezwa kwa kioo cha pande za Uajemi. Kufikia karne ya 11 zile zikapotea, na soko likashikwa na shanga za Uhindini na Asia ya Kusini-Mashariki. Mfanyabiashara aliyebeba shanga za mtindo uliopita alirudi nazo.

Kuna mahali karibu na makutano ya mto Shashe na Limpopo, kwenye mpaka wa Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe za leo. Wachimbuaji walipaita kwa kifupi K2. Watu waliishi hapo tangu kama mwaka 1000 hadi 1220, wakifuga ng'ombe, wakichonga pembe za ndovu, wakipokea shanga ndogo ndogo za buluu na kijani kutoka pwani. Wakaziona ndogo. Wakazikusanya, wakaziyeyusha tena, wakazimimina katika kalibu za udongo, zikatoka shanga nene, kubwa, za umbo ambalo hakuna kiwanda cha Uhindini kilichokuwa kinalitengeneza. Fikiria safari ile yote! Kioo kimevuka bahari, kimebebwa kichwani majuma kadhaa, na mwenye mali anakipokea kama malighafi.

Na pwani nako? Duarte Barbosa, Mreno mwingine, aliandika mwanzoni mwa karne ya 16 kwamba Waswahili wa Sofala walilima pamba na kufuma nguo nyeupe, lakini rangi hawakuwa nayo. Basi walinunua nguo za buluu za Cambay, huko Gujarat, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakaufuma ule uzi wa buluu pamoja na uzi wao mweupe. Nguo mpya kabisa imeharibiwa makusudi ili itoke nguo nyingine. Hii si kazi ya mtu anayebabaika na kila kitu cha kigeni. Huyu anamjua mteja wake wa bara, anajua mistari anayoipenda, na anajua kwamba Cambay haimjui. Huko bara nako, Mapungubwe na Zimbabwe Kuu, vimepatikana vigurudumu vya kusokotea uzi wa pamba. Kwa hiyo nguo ya kigeni haikufika kwa watu waliokuwa uchi, kama picha za vitabu vya kikoloni zilivyotuonyesha. Ilifika mahali penye nguo, ikapambana na nguo.

Mapungubwe nimeitaja, nisiipite. Kama mwaka 1220 wakuu wa K2 walihama kilomita moja tu, wakapanda juu ya kilima chenye kuta za mwamba, na raia wakabaki chini. Kabla ya hapo tajiri na maskini walikaa kijiji kimoja. Sasa mtawala hakuonekana ila kwa ruhusa. Miaka ya 1930, makaburi ya juu ya kilima yalipofunguliwa, alitoka kifaru mdogo wa dhahabu, mabati membamba yaliyopigiliwa juu ya umbo la mti kwa vijimisumari vya dhahabu. Kifaru huyo anamsumbua mtu yeyote anayeshikilia kwamba Waafrika wa bara hawakuijua thamani ya dhahabu hadi walipoambiwa na wageni. Walibakiza iliyowatosha wafalme wao, na ya ziada wakaitoa ibadilishwe.

Kufikia karne ya 14 nguvu zilikuwa Zimbabwe Kuu. Ukuta wa nje wa boma lake kubwa una mzunguko wa mita 250 hivi na mahali pengine unafika mita 11 kwenda juu, mawe ya matale yamepangwa pasipo tone la udongo wa kuyashikanisha. Zamani ilikadiriwa kuwa watu 18,000 waliishi hapo. Siku hizi watafiti wanapunguza, wanasema chini ya 10,000. Hata hao si haba, na utajiri wao ulianzia zizini. Mifupa iliyochimbuliwa inaonyesha kwamba wakubwa walikula nyama ya ng'ombe wachanga, na anasa hiyo haipati mtu asiye na makundi makubwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika magofu ya bondeni pale, ilifukuliwa hazina ya vitu vilivyowekwa pamoja. Ningependa uisikie orodha yake, maana inasema mengi: vipande vya kaure ya kijani ya Uchina, kipande cha bakuli la Uajemi lenye maandishi, shanga za kioo kwa maelfu, kauri, nyaya za shaba, na pamoja na hivyo, majembe ya chuma kwa wingi na kengele za chuma za kifalme. Hivi vya mwisho ni vya Afrika ya ndani, havikupitia pwani hata kidogo. Mwenye ghala lile alikuwa na mlango wa mashariki na alikuwa na milango mingine. Pwani ilikuwa soko lake mojawapo. Kwa Kilwa, dhahabu ya Sofala ilikuwa uhai wenyewe.

Katika magofu hayo imepatikana pia sarafu moja ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyetawala mapema karne ya 14. Sarafu za Kilwa zina jambo la kumfurahisha mshairi: jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yamechaguliwa yatue kwa kina kile kile cha jina lake. Kila sultani na kina chake. Lakini shaba ya Kilwa haikununua kitu bara. Imepatikana moja tu. Huenda aliyeichukua aliipenda tu jinsi ilivyoandikwa.

Huyu al-Hasan ndiye aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, na hapo, msikilizaji, tukae kidogo, kwa sababu kisa ni kitamu. Watu walimwita Abu'l-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Siku moja ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akavaa nguo nyingine, akampa zile. Mwanawe akazikomboa zile nguo za kifalme kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Kisha Ibn Battuta anatia neno ambalo wasomaji wengi huliruka: zawadi za huko kwa kawaida ni pembe, dhahabu hutolewa kwa nadra. Mji wa dhahabu hautoi dhahabu! Mimi nalisoma hivi: dhahabu ilikuwa na miadi. Ilikuwa imeshahesabiwa kwa ajili ya nguo za msimu ujao. Kilwa iliishi kwa kuipitisha, na ikigawa ovyo njiani, Gujarat haitaleta, na Gujarat isipoleta, mwanamke wa uwanda wa juu hataingia shimoni.

Na tusijifanye hatukusikia neno watumwa. Watu ishirini walitolewa mchana mmoja kama mtu anavyotoa kuku. Ibn Battuta anaeleza pia kwamba sultani huyo alikuwa akivamia nchi za Zanji na kuteka. Ustaarabu huu tunaousifu ulikuwa na upande huo, na wanaokwenda Kilwa Kisiwani kupiga picha wanapaswa kuambiwa. Al-Hasan alipokufa akashika nduguye Daud, naye alikuwa kinyume chake. Ombaomba akija aliambiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Nadhani hazina ilipumua.

Al-Hasan aliweza kutumia mali vile kwa sababu wakati wenyewe ulikuwa mzuri. Miji ya Italia ilikuwa imeanza kupiga sarafu za dhahabu, Florence tangu mwaka 1252, na Misri ilikuwa na kiu ile ile ya siku zote, dhahabu ilipanda. Ndipo ikajengwa Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, vyumba zaidi ya 100, birika la kuogea lenye pande nane, na ua mpana ambao wengi wanaamini ulikuwa wa mali za biashara. Msikiti Mkuu ukapanuliwa ukawekewa kuba. Mawe ni matumbawe, yanakatwa baharini yakiwa laini, na chokaa inachomwa hapo hapo. Lakini tauni iliyofyeka Misri na Ulaya miaka ya 1340 iliua wanunuzi, na Husuni Kubwa haikudumu kukaliwa. Bei inashuka Cairo, jumba linabaki tupu Kilwa. Uwanda wa juu haukutikisika namna hiyo, kwa kuwa ng'ombe hawajui bei ya Cairo.

Kilwa na Zimbabwe Kuu ziliunganishwa na biashara, na karne nyingi baadaye zikaunganishwa na dharau. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika Zimbabwe Kuu, akanusa kipande cha mti wa kizingiti, akaona unafanana na mti wa penseli yake, akakata shauri kwamba ni mwerezi wa Lebanoni na jengo ni la Malkia wa Sheba. Mji mzima umehukumiwa kwa penseli! Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba na kusema ni kazi ya Waafrika; Gertrude Caton-Thompson akarudia mwaka 1929 kwa ushahidi mzito zaidi. Hata hivyo serikali ya walowezi ya Rhodesia haikutaka kusikia, na mchimbuaji Peter Garlake aliyesisitiza ukweli huo akaondoka nchini mwaka 1970. Kilwa haikutendewa ukali huo, lakini nayo ilielezwa miaka mingi kuwa koloni la Waarabu na Waajemi, wenyeji wakiwa wabeba mawe. Maneno tofauti, maana moja: aliyejenga hatoki hapa.

Sasa turudi nyuma kwenye biashara yenyewe, maana walikuja waliotaka kuukata mnyororo wake. Julai mwaka 1505 merikebu za Mreno Francisco de Almeida ziliipora Kilwa na kujenga ngome. Mwaka huo huo ngome nyingine ikajengwa Sofala, kwenye mlango wenyewe wa dhahabu. Kwa hesabu ya Lisbon kazi ilikuwa imekwisha: ukishika mlango, mali itatoka yenyewe. Haikutoka. Bidhaa za Ulaya walizozileta zilikaa ghalani, kwa kuwa mnunuzi wa nyuma ya milima hakuzitaka. Alitaka nguo za Gujarat alizozizoea na shanga za rangi aliyoichagua, na Wareno ikabidi wakazitafute, kwa kununua au kwa kuteka majahazi ya watu. Wakati huo wafanyabiashara wa Kiswahili walikuwa wameshahamisha shughuli. Wakaikuza Angoche, kaskazini ya Sofala, wakapandisha mali kwa mto Zambezi kuelekea kwa mfalme Mutapa, ambaye dola lake lilikuwa limeinuka kaskazini ya uwanda wakati Zimbabwe Kuu ilipofifia. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome ya Kilwa.

Katika miaka hiyo hiyo ngome ya Sofala ilimtuma bara mtu mmoja, António Fernandes, mfungwa aliyehamishwa kwao kwa makosa, akachunguze dhahabu inatokea wapi na kwa nini haifiki ngomeni. Alitembea nchi kwa nchi, mfalme kwa mfalme, akarudi na taarifa iliyoandikwa kwa makini. Aliyaona magulio ya dhahabu huko ndani, na katika magulio hayo aliwakuta Waswahili wamekaa na mali zao, wanauza nguo na shanga, kama kwamba pwani hakuna ngome yoyote iliyojengwa.